Kiswahili Mkononi mwa Mtafiti: Historia ya Mafunzo ya Utafiti wa Nyanjani katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwaka 1992 jarida la isimu la Marekani liitwalo Language lilitoa makala kadhaa juu ya lugha zilizo katika hatari ya kutoweka. Kenneth Hale na wenzake waliwatanabahisha wanaisimu kwamba lugha nyingi za dunia zilikuwa zinakoma kusemwa kabla hazijachunguzwa. Mmoja wao, Michael Krauss, alikisia kwamba mambo yakiendelea vivyo hivyo, huenda lugha tisini katika kila lugha mia zikafa au zikawa taabani katika karne itakayofuata. Mwaka huo haukwisha kabla Peter Ladefoged, mtaalamu mashuhuri wa fonetiki, hajawajibu katika jarida lilo hilo. Mfano mmoja alioutoa ulitoka Kenya. Alikuwa akichunguza Kidahalo, lugha ya Kikushi inayosemwa na watu mia chache tu katika sehemu za Lamu na mlango wa Mto Tana. Alimwuliza mmoja wa wasemaji kama wanawe, waliokuwa vijana, walikisema Kidahalo. Baba huyo alijibu kwamba wanakisikia lakini hawawezi kukisema. Wao husema Kiswahili tu. Ladefoged anaeleza kwamba baba huyo alikuwa akitabasamu, wala hakuonekana kujuta. Alijivunia kwamba wanawe walikuwa wamesoma na kujua mambo ambayo yeye hakuyajua. Ladefoged akajiuliza yeye ni nani hata amwambie mtu huyo kwamba amekosea.

Kisa hiki kimetajwa mara nyingi katika mjadala juu ya haki ya watu kuchagua lugha wanayoitaka. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na hasa kwa mwalimu wa Kiswahili, kina jambo jingine ndani yake. Lugha iliyowachukua vijana wale ni Kiswahili. Na Kiswahili ndiyo lugha ambayo mwanafunzi wa isimu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam huibeba anapokwenda kumhoji mzee wa Kidahalo, wa Kiboni au wa lugha nyingine iliyoandikwa kidogo. Ndiyo aulizayo kwayo, ndiyo ajibiwayo kwayo, na mara nyingi ndiyo aandikiayo maana katika daftari lake.

Makala haya yanajaribu kufuata historia ya mafunzo ya utafiti wa nyanjani katika sehemu zetu hizi, tangu siku za wamisionari hadi leo, ili kuonyesha jinsi hali hiyo ilivyotokea na athari zake. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kimekuwa ufunguo wa kuingilia katika lugha ndogo na, papo hapo, pazia la kuzificha. Na kwamba wanaisimu vijana wamekuwa wakifundishwa kuutumia ufunguo bila ya kuonyeshwa pazia.

Orodha ya maneno na mtu wa kati

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Hakuwa amekuja kuwa mwanaisimu, lakini kazi ya dini ilimlazimisha kuwa mwanafunzi wa lugha. Mwaka 1850 alitoa vitabu viwili: sarufi fupi ya Kiswahili iliyokihusisha na Kinyika, yaani lugha ya Mijikenda, na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, ambazo ni Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, kama Kioromo kilivyoitwa wakati huo. Yafaa kuutazama mpangilio wa kazi hizo. Kiswahili kimetangulizwa katika zote mbili, na lugha za bara na za nyika zimepangwa ubavuni mwake. Sababu yake inafahamika. Mombasa ilikuwa mji ambamo watu wa lugha nyingi walikutana kwa biashara na kwa utumwa, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mgeni aliyekwisha kukijua aliweza kuzipata lugha nyingine bila ya kusafiri mbali.

Mwenziwe Krapf, Johannes Rebmann, alitenda vivyo hivyo kwa namna iliyo wazi zaidi. Kamusi yake ya Kinyasa, iliyochapishwa mwaka 1877 chini ya uhariri wa Krapf, ilitokana kwa sehemu kubwa na maneno ya mtu mmoja aliyeitwa Salimini, ambaye alikuwa ametekwa katika nchi ya Ziwa Nyasa na kuletwa pwani kama mtumwa. Lugha nzima iliandikwa kutoka kinywani mwa mtu aliyeng'olewa katika nchi yake, mamia ya maili kutoka mahali iliposemwa. Rebmann alipata kamusi, lakini hakupata kuwasikia wasemaji wakizungumza wao kwa wao.

Katika kazi hizi za mwanzo zinaonekana tayari nguzo mbili ambazo zimeendelea kuitegemeza kazi ya nyanjani kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu. Ya kwanza ni orodha ya maneno iliyotungwa kabla mtafiti hajamkuta msemaji. Ya pili ni lugha ya kati. Nguzo hizo zilirahisisha kazi, na hapana haja ya kuwalaumu waliozijenga katika hali ya wakati wao. Lakini kila mwenye kuzirithi yampasa ajue zilijengwa kwa haja gani.

Mwalimu aliyeitwa msaidizi

Ukoloni ulipoingia, mafunzo ya lugha za Kiafrika yalipata makao rasmi katika Ulaya. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na mafundisho ya lugha za makoloni yakaanzishwa Hamburg baadaye, ambako Carl Meinhof, aliyekuwa ametoa kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alifundisha kwa miaka mingi. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba katika vyumba hivyo vya mafunzo walikuwamo Waafrika wa pwani. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1891 hadi 1895. Baada yake, mwaka 1900, alikwenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye baadaye alifanya kazi pia Hamburg.

Mtoro ndiye mwandishi wa sehemu kubwa ya habari zilizomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Ilimpasa msomaji angoje hadi mwaka 1981, tafsiri ya J.W.T. Allen ilipotokea, ndipo jina la Mtoro likawekwa mahali pake mbele ya macho ya wasomaji wengi. Katika taratibu za seminari, Velten alikuwa mtaalamu na Mtoro alikuwa msaidizi. Ukiyatazama yaliyotendeka, kila mmoja alikuwa akimfundisha mwenziwe.

Tofauti hiyo ya majina haikuwa ya heshima tu. Ilipita katika lugha ya kazi yenyewe na kuwafikia wanafunzi waliofuata. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya ishirini msemaji aliitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili lilifasiriwa kuwa "mtoa habari". Mwanafunzi aliyefunzwa kwa istilahi hiyo alikwenda nyanjani akiamini kwamba habari zimo ndani ya mzee kama maji yalivyo katika mtungi, na kwamba kazi yake ni kuyateka. Kwamba mzee naye huenda ana fikira juu ya lugha yake, anaona mpango ndani yake, na anaweza kuueleza, ni jambo ambalo istilahi ile haikumtayarisha kulitazamia.

Sarufi ya Kimaasai na funzo lake

Hata hivyo, historia hii ina mfano mwema pia, na wenyewe umetoka Kenya. Mwaka 1955 ilichapishwa sarufi ya Kimaasai iliyoandikwa na A.N. Tucker, wa Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha London, pamoja na John Tompo ole Mpaayei, Mmaasai mwenyewe, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu chake cha habari za Wamaasai kwa Kimaasai. Majina yote mawili yamo juu ya jalada.

Sarufi hiyo ilionyesha jambo ambalo limekuwa maarufu katika isimu ya lugha za Kiniloti, yaani kwamba katika Kimaasai nomino huwa na toni moja inapokuwa kiima na toni nyingine inapokuwa yambwa. Kwa kuwa kitenzi hutangulia katika sentensi, ni toni hiyo inayomjulisha msikilizaji nani ametenda na nani ametendwa. Na afikiriwe sasa mwanafunzi anayekwenda kwa Wamaasai na orodha ya maneno kwa Kiswahili. Atauliza: "Simba waitaje? Mtoto waitaje? Ng'ombe waitaje?" Atapewa majibu, na atayaandika kwa usahihi, pengine hata kwa alama za toni. Lakini kila neno atapewa katika umbo moja tu, lile la neno linalotajwa peke yake. Anaweza kuandika maneno elfu moja asiione kanuni ile hata mara moja, kwa sababu kanuni hiyo haimo katika neno. Imo katika sentensi, na sentensi imo katika maongezi. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakina toni ya kupambanua maana, kwa hiyo lugha anayoulizia mwanafunzi haimpi hata dalili ya kumfanya ashuku kwamba kuna jambo limempita.

Kwamba Tucker na Mpaayei waliuona mpango huo na kuueleza vizuri kunaonyesha nguvu ya kazi inayofanywa na watu wawili ambao mmoja ana sikio la fonetiki na mwingine ana lugha pamoja na elimu ya kuijadili. Hilo ni funzo la mbinu. Lingepaswa kuwa msingi wa mafunzo yaliyofuata. Kwa sababu kadha wa kadha, halikuwa.

Vyuo vikuu vyetu

Uhuru ulipopatikana, mategemeo yalikuwa makubwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Wilfred Whiteley, mtu aliyekuwa amekwisha kuchunguza Kiyao, Kiiraqw na Kigusii pamoja na lahaja za Kiswahili. Mwishoni mwa muongo huo ulianza uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika Mashariki, uliogharimiwa na Wakfu wa Ford. Vitabu vilivyotokana nao ni vya msingi hata leo: cha Uganda mwaka 1972, cha Kenya mwaka 1974 chini ya uhariri wa Whiteley, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1972, cha Ethiopia mwaka 1976, na cha Tanzania mwaka 1980 chini ya uhariri wa Edgar Polomé na C.P. Hill. Katika hicho cha mwisho Derek Nurse na Gérard Philippson walitoa uainishaji wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki uliotegemea orodha za maneno zilizokusanywa katika miaka ya 1970, kila orodha ikiwa na maneno yapata elfu moja. Kwa upande wa Kenya, Bernd Heine alizifuata lugha zilizokuwa zinakaribia kuachwa na wasemaji wake, kama vile Kielmolo na Kiyaaku. Na mwaka 1974 Edward Elderkin alitoa tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya fonolojia na mofolojia ya Kidahalo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo ambacho kilikuwa na umri wa miaka minne tu tangu kujitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Kazi hizi ni hazina. Lakini zikitazamwa kwa jicho la mafunzo, yaonekana kwamba nyingi zilibuniwa na kuongozwa na wageni, na kwamba utaratibu madhubuti wa kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki nyanjani, mwaka baada ya mwaka, haukuota mizizi. Sababu tatu zaweza kutajwa.

Ya kwanza ni ya nadharia. Katika miaka ya 1970 na 1980 isimu ya sarufi zalishi ilikuwa imeshika nguvu, nayo ilimruhusu mwanaisimu kuzitegemea hisi zake mwenyewe juu ya lugha yake ya kuzaliwa. Kwa mwanafunzi wa Kiafrika jambo hilo lilikuwa ukombozi, maana lilimtoa katika daraja ya mtoa habari na kumfanya mtaalamu wa lugha yake. Lakini lilikuwa na athari ya pili. Mwanafunzi Mgikuyu aliandika juu ya Kigikuyu, Mluo juu ya Kiluo, Mluhya juu ya Kiluhya. Lugha ambayo haikuwa na mtoto wake katika chuo kikuu haikuwa na wa kuiandika. Hivyo ramani ya tasnifu ikawa ramani ya elimu: palipokuwa na shule nyingi pakawa na maelezo mengi ya lugha, na pale ambapo haja ilikuwa kubwa pakabaki patupu.

Ya pili ni ya uchumi. Utafiti wa nyanjani unataka nauli, chakula, kinasa sauti na muda. Chumba cha kusomea kinataka chaki na ubao.

Ya tatu ni Kiswahili chenyewe. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Idara za vyuo vikuu zilitakiwa kutoa walimu kwa wingi. Ushindi huo ulistahili kusherehekewa, nao ulisherehekewa. Lakini mhadhiri aliyekabiliwa na mamia ya wanafunzi wanaotarajia kufundisha fasihi na sarufi ya Kiswahili hakuwa na nafasi ya kuwachukua wachache wao hadi msitu wa Mukogodo au vijiji vya Mkunumbi.

Ufunguo na pazia

Mwanafunzi anayefanikiwa kwenda nyanjani leo hukitegemea Kiswahili kwa njia ambayo mara nyingi haihisi, kwa sababu kwake ni kama hewa. Pamoja na mfano wa Kimaasai uliotajwa, mfano wa njeo watosha kuonyesha hatari yake. Kiswahili sanifu kina kiambishi kimoja kikuu cha wakati uliopita, -li-. Aliyekuja asubuhi hii, aliyekuja jana na aliyekuja zamani za mababu, wote "walikuja". Lugha nyingi za Kibantu za Kenya, zikiwamo Kigikuyu na Kigusii ambacho Whiteley alikichunguzia njeo zake mwaka 1960, hupambanua nyakati kadhaa zilizopita kwa kufuata umbali wake. Mwanafunzi anayeuliza "Alikuja, mnasemaje?" atajibiwa kwa umbo moja, lile ambalo msemaji ameliwazia kwa bahati wakati huo. Akienda kwa msemaji wa pili akapata umbo jingine, atadhani amekuta tofauti ya lahaja.

Hatari nyingine imo katika majina ya watu na lugha zenyewe. Jina la "Wasanye", kwa mfano, limetumiwa na wenyeji wa pwani kwa zaidi ya kundi moja la watu walioishi kwa uwindaji, wakiwamo Wadahalo na Wawaata, ingawa Wawaata husema lahaja ya Kioromo na Kidahalo ni lugha nyingine kabisa, yenye hata konsonanti za kidoko ambazo hazipatikani katika lugha nyingine yoyote ya Kenya. Anayekwenda kuuliza Kisanye kwa kufuata jina alilolisikia kwa Waswahili amekwisha kupotea kabla hajafungua daftari.

Tena kuna maneno ambayo orodha haiwezi kuyaulizia kwa sababu lugha ya orodha haina mahali pa kuyaweka. Wayaaku wa Mukogodo, katika sehemu za Laikipia, waliishi kwa uwindaji na ufugaji wa nyuki. Hata mahari yao ilikuwa mizinga. Walipozungukwa na wafugaji wenye kusema Kimaa, wakaanza kuoana nao na kutaka ng'ombe kwa ajili ya mahari, walikiacha Kiyaaku katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini na kuchukua Kimaa. Matthias Brenzinger alionyesha baadaye kwamba katika Kimaa chao yalibaki maneno ya Kiyaaku, hasa yale ya nyuki na asali. Orodha ya kawaida huuliza "nyuki", "asali", na pengine "mzinga". Mwenye orodha hiyo atapata maneno matatu na kwenda zake. Aliyekaa na mrina asali mwituni ndiye atakayekuta elimu nzima.

Lugha inayouliza na lugha inayobakia

Hapa ndipo kisa cha baba wa Kidahalo kinaporejea. Wayaaku walihamia katika Kimaa na Waelmolo katika Kisamburu, yaani katika lugha za majirani wenye mifugo. Wadahalo wanahamia katika Kiswahili, lugha ya shule na ya serikali, na ya huyo anayekuja kuwachunguza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha inayotumika katika eneo la shule yake. Kwa mtoto wa Kidahalo, lugha ya eneo hilo ni Kiswahili. Sera iliyokusudiwa kuilinda lugha ya mama ilipomfikia yeye ilimpa lugha nyingine.

Kwa hiyo mwanaisimu kijana wa Kenya anapoketi mbele ya mzee kama huyo hayuko katika hali aliyokuwa nayo Ladefoged. Ladefoged aliweza kusema kwamba yeye ni mgeni na hana haki ya kuhukumu. Kijana wetu si mgeni. Yeye ni mfano hai wa kile ambacho baba yule aliwatakia wanawe: amesoma, anasema Kiswahili kizuri, amevaa viatu vya chuo kikuu. Kila swali analouliza kwa Kiswahili lathibitisha kwamba baba aliamua sawasawa. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo hunukuliwa sana katika mikutano ya kukitetea Kiswahili. Ni vigumu kuitamka mbele ya mtu ambaye amewatoa wanawe katika umaskini wa kudharauliwa kwa kuwapa lugha ya anayeitamka.

Je, basi mtafiti anyamaze na kuandika tu? Nancy Dorian, aliyechunguza Kigaeli cha Uskochi kwa miaka mingi, alimjibu Ladefoged mwaka 1993. Alikumbusha kwamba uamuzi wa kuacha lugha hufanywa na kizazi kimoja, na majuto huja kwa kizazi kingine, pale wajukuu wanapoitafuta lugha ambayo babu zao waliona haya kuisema. Historia ya Kenya imemthibitisha. Mwanzoni mwa karne hii Wayaaku, ambao wengi wao hawakuwa wamekisema Kiyaaku maishani mwao, walianza kuwatafuta wazee wachache waliobaki wakikikumbuka, na Maarten Mous na wenzake wa Leiden walikwenda kusaidiana nao. Maandishi ya Heine ya miaka ya 1970 yakawa na thamani ambayo wazee waliohojiwa wakati ule wasingeweza kuitabiri. Lakini yalikuwa yamechapishwa katika majarida ya Ulaya, kwa lugha za Ulaya. Mjukuu wa Mukogodo ilimbidi kuisubiri lugha ya babu yake irudishwe na mgeni mwingine.

Mafunzo yafaayo

Tangu Nikolaus Himmelmann alipopendekeza mwaka 1998 kwamba uhifadhi wa lugha uwe taaluma yenye kanuni zake kando ya uandishi wa sarufi, mafunzo ya nyanjani yamebadilika duniani. Mkazo umekuwa juu ya kurekodi maongezi ya kweli, kupata idhini ya wasemaji, na kuweka rekodi mahali ambapo wenyewe wanaweza kuzifikia. Vyombo ambavyo zamani vilibebwa na punda sasa vyaenea mfukoni. Hayo yote ni ya kuhimizwa. Lakini vyombo havitaondoa pazia lililoelezwa hapo juu. Mambo manne yanatokana na historia yenyewe.

Kwanza, mwanafunzi afunzwe kufanya kazi, walau kwa majuma machache, bila ya lugha ya kati. Kenneth Pike alikuwa akiwaonyesha watu jinsi mtafiti awezavyo kuianza lugha asiyoijua kwa vijiti, majani na ishara tu, asitamke neno la lugha nyingine. Zoezi hilo halitakiwi liwe mchezo wa kushangaza hadhara. Linamfanya msomi kuwa mtoto mbele ya mzee, na mzee kuwa mwalimu. Mpangilio huo ukishawekwa siku ya kwanza, kazi ya siku zinazofuata huwa nyingine.

Pili, masimulizi na maongezi yatangulie orodha. Orodha ina kazi yake katika kulinganisha lugha, lakini ije baadaye, ikaguliwe kwa yale yaliyokwisha kusikika.

Tatu, idara itafute wanafunzi kutoka katika lugha zisizo na wahitimu, badala ya kungoja waje. Mpaayei mmoja wa Kidahalo au wa Kiboni atafanya yale ambayo wageni kumi hawatayaweza. Na hadi atakapopatikana, msemaji anayefanya kazi na mwanafunzi atajwe kama mshiriki wa kazi, iwapo mwenyewe aridhia.

Nne, Kiswahili kitumiwe mahali kinapofaa, nako ni katika kurudisha. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 kwa msaada wa Sweden, ulionyesha njia. Misamiati iliyotokana nao, kama ule wa Runyambo wa Josephat Rugemalira wa mwaka 2002, imefasiriwa kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na atlasi yake ya lugha iliyotoka mwaka 2009 imeandikwa kwa Kiswahili. Mtoto wa shule wa Karagwe anaweza kuifungua kamusi ya lugha ya nyumbani kwao akaielewa. Kwa upande wa Kidahalo, sarufi ya Mauro Tosco ya mwaka 1991, ambayo ni kazi ya kutegemewa, iko kwa Kiingereza na ilichapishwa Hamburg.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Idara za lugha za Kiafrika haziwezi kuitimiza ahadi hiyo peke yake, wala haziwezi kumwamulia baba wa Kidahalo lugha ya kuwalelea wanawe. Hilo ni lake, na tabasamu lake lina sababu. Lakini wanawe aliowataja wamekuwa watu wazima, na yamkini nao wana watoto wanaokisoma Kiswahili shuleni. Iwapo mmoja wa watoto hao atauliza siku moja babu yake alisema nini, jibu linalomfaa ni kitabu na sauti zenye maelezo kwa lugha anayoisoma. Kiswahili kilichomwondolea Kidahalo ndicho kitakachoweza kumwelezea Kidahalo. Kuwafunza vijana wa kuiandaa kazi hiyo, wakati wasemaji wangalipo, ni wajibu wa wale ambao Kiswahili kimewapa kazi na jina.